Nyuzi za Mzee Otmari

Mpiga gita hapewi barua ya kustaafu. Mimi nimestaafishwa na vidole. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimekakamaa, hakikunjuki vizuri hata nikikichua kwa maji ya moto, na mganga wa zahanati amesema ni baridi yabisi, akanipa vidonge na pole. Ndiyo maana ninyi vijana wa kikundi cha gita cha Lituhi mlinifanyia sherehe mwezi uliopita. Mlichinja mbuzi, mkanivika mgolole, na mwisho katibu wenu Alto akaniomba niandike kumbukumbu za kazi yangu ili wanaokuja wajifunze. Nimeandika, hizi hapa. Naomba mzisome mpaka mwisho. Mtu mwenye hatia huanza kwa kuzungumzia mvua na mazao, na mimi sitakuwa tofauti sana, lakini nitafika.

Nimezaliwa Maguu, juu milimani kwa Wamatengo, kwenye mibuni na ngoro, yale mashimo tunayolimia mitelemkoni. Sisi watu wa juu tulishuka ziwani kwa ajili ya kitoweo tu. Tulibeba maharage, tukarudi na usipa mkavu, dagaa wa huku, na tukiwa njiani tuliambiana tusiyasogelee sana maji. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa siku niliyoingia Lituhi na debe la maharage kichwani nikasikia gita linapigwa uani kwa mtu. Nilisikia besi inatembea chini, na juu yake sauti nyingine inacheza na kucheka. Nikatua debe. Uani palikuwa na mzee mmoja amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikazunguka nyumba nzima kumtafuta wa pili.

"Shikamoo Baba. Mwenzako yuko wapi?"

"Marahaba. Mwenzangu nani?"

"Anayepiga lile gita jingine."

Alicheka mpaka akaliweka gita chini. "Mama Skola! Njoo umwone Mmatengo, anamtafuta mwenzangu!"

Mama Skola, mkewe, alitoka nyuma ya nyumba na mikono inayonuka samaki, akanitazama, akasema wageni wa maharage wasichekwe kabla hawajapima. Huyo ndiye Mzee Otmari, na hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, ingawa sikujua kwamba ni kazi.

Mzee Otmari alikuwa fundi wa mitumbwi. Ujana wake ulipita migodini huko kusini, tunakokuita Joni. Wenzake walirudi na baiskeli na mablanketi, yeye akarudi na gita moja la mbao na kidole gumba kinachojua kutembea peke yake. Nilimwomba anifundishe. Alisema vidole vyangu ni mipini ya jembe, ila mpini nao ni mti, unachongeka. Baada ya mavuno ya kahawa nilishuka tena, nikalala kwao miezi miwili, na nikafanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Baba yangu alisema nimeolewa ziwani.

Wiki ya kwanza sikugusa gita. Nilipewa ubao wa mtumbwi na rozari. Kazi yangu ilikuwa kugonga ubao kwa gumba, pigo moja moja bila kusimama, huku nikisali kwa sauti. Gumba likisimama, naanza upya kumi zima. Nadhani Bikira Maria mwenyewe alinichoka. Mzee alikuwa akilainisha mbao pembeni, na kila gumba langu liliposita aliinua randa juu bila kunitazama. "Gumba ni mume anayekwenda shamba," alisema, "hasimami njiani. Shahada ni mke, anazungumza na kila jirani. Lakini wanatakiwa wafike pamoja."

"Na jembe nani kabeba?" aliuliza Mama Skola kutoka kwenye chanja lake la usipa. Mzee akajifanya hakusikia.

Sasa nieleze vifaa, maana ninyi mnanunua kila kitu kikiwa kwenye pakiti. Nyuzi nyembamba tulizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Unaufumua ule waya, unachagua uzi ulionyooka, unaupitisha kwenye kitambaa chenye mafuta ya taa. Besi zilikuwa za dukani, na hazikutupwa. Zikifa sauti unazichemsha kwenye maji yenye majivu, unazianika, na zinakupa harusi mbili nyingine. Tukitaka kupandisha sauti kwa ajili ya mwimbaji wa kike tulifunga penseli shingoni mwa gita kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa ufupi, baiskeli imeufanyia muziki wa mwambao huu mengi kuliko serikali. Kucha za mkono wa kulia hazikatwi mpaka mwisho, na mwenye kucha hizo asichume kahawa. Jambo hili lilinigombanisha na baba kila msimu.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna harusi ya Kingerikiti nisiyoisahau. Tulitembea kwenye mvua tangu asubuhi, gita nimelifunika kwa koti langu, na tulipofika gundi ya mgongoni imelowa, ubao umefunguka mdomo. Baba wa bibi harusi alisimama mbele yetu na ngao ya ngoma ya lizombe mkononi, anauliza kama tumekuja kupiga gita au kulizika. Mzee aliomba mpira wa tairi, akalizungushia gita kiunoni mara nne, akakaza, akapiga mpaka jua likazama. Likasikika kama mtu mwenye mafua, lakini bibi harusi alicheza. Njiani kurudi aliniambia, "Gita likivunjika, liambie lishirikiane na wewe. Usiwaambie watu wa harusi." Nililipenda sana neno hilo. Baadaye nililitumia vibaya, kama mtakavyoona.

Sasa nafika kwenye nyuzi. Alto anaijua desturi hii, wadogo huenda hawaijui. Zamani kila mpiga gita wa huku alikuwa na tyuni yake. Hakukuwa na tyuni ya kitabuni. Mtu alikaza nyuzi zake sita anavyojua yeye, na nyimbo zake zililala humo. Kwa hiyo mpiga gita alipokaza alikugeuzia mgongo, akatazama ukuta au ziwa. Na akikuazima gita, hata kama wewe ni ndugu yake wa tumbo moja, alilegeza kwanza nyuzi zote, akakupa likiwa bubu. Usingekasirika. Kumchungulia mtu tyuni yake ilikuwa sawa na kufunua chungu cha jirani.

Miaka mitatu Mzee Otmari alinipa gita likiwa bubu. Nilikaza nilivyoweza, akanifundisha vidole tu, sauti nikajitafutia. Mwaka wa tatu, wiki ya mwisho kabla sijapanda kwetu, aliniita uani. Alikaza nyuzi mbele yangu, uso kwa uso, uzi mmoja mmoja, akirudia mpaka niseme nimeshika. Kisha akapiga ule wimbo wake usio na maneno, ambao alifungia kila shughuli na ambao watu waliuita wa mwisho. Alipomaliza akaninyooshea gita bila kulegeza kitu. Nililipokea likiwa bado linavuma, nikalisikia tumboni mwangu.

"Sasa ni yangu na yako," alisema. "Siku nikiondoka, mama yako huyu atazilegeza. Wewe utazikaza, unipigie huu, ndipo wanifukie."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nasema. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mama Skola alikuwa hatua chache kutoka pale, anageuza usipa kwenye chanja, kama siku zote. Hakuna aliyemgeuzia mgongo. Kwetu sisi wanaume, mwanamke anayeanika samaki hana masikio.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Mbinga mjini yaliyokuwa na viberiti na vumbi yakajaa vitu, mitumba ikamwagwa chini sokoni, wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda na malori yao mpaka Maguu, na kila nyumba yenye mibuni ikatafuta redio kaseti. Tajiri mmoja alifungua baa mjini, akaleta jenereta, magita mawili ya umeme na kinanda. Alinisikia kwenye harusi, akaniajiri. Sitasema mengi juu ya ajira hiyo ila kwamba nilipewa shati jekundu, nami nililipenda shati lile kuliko ilivyostahili.

Siku ya kwanza nilikaza gita la umeme kwa tyuni ya Mzee. Niligeuza mgongo kwanza, kama nilivyolelewa, wakacheka. Mpiga kinanda, Beda, kijana wa Songea, aligonga kinanda chake, akanisikiliza, akasema, "Kaka, hiyo ni tyuni au ni homa?"

Bendi nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Hilo naliandika kwa sababu ndilo la kwanza ninaloona aibu nalo. Hakuna aliyenilazimisha kucheka. Ningeweza kusema, hii ni ya mwalimu wangu, nyamazeni niwapigie. Badala yake nilizikaza nyuzi kama Beda alivyotaka, kwa sauti za kinanda, na nikasema zile za zamani ni mambo ya bush. Gita langu la mbao, nililonunua kwa fedha ya kahawa, tajiri alilitundika ukutani baa, karibu na kalenda, liwe pambo. Sikulishusha.

Miaka minane nilipiga pale. Tyuni ni njia ya porini, usipoipita majani yanaifunika, na mimi sikuipita hata siku moja. Nilijiambia nimeihifadhi kichwani.

Mzee aliniita mara mbili. Salamu zake zilikuja na dereva wa lori linalokwenda ziwani. Mara ya kwanza dereva alisema, "Mzee wako anasema mkono wa kushoto unatetemeka. Uje ukae naye kidogo." Nikasema nitakuja wiki ijayo, nikampa dereva sukari na nyuzi sita mpya za kiwandani ampelekee, nikajiona mtoto mwema. Mara ya pili, mwaka uliofuata, dereva alisema, "Mzee anauliza kama wewe ni mzima." Nikasema wiki ijayo. Mara ya tatu dereva hakuleta salamu. Aliingia baa mchana, akavua kofia, akaniambia nipande lori.

Tulifika Lituhi wakati jeneza linatolewa nje. Nilikuwa nimevaa lile shati jekundu, maana sikupata nafasi ya kubadili, na mtu mmoja akanivisha koti lake. Makaburini katekista alisoma, jeneza likateremshwa, kisha akasema marehemu aliacha neno, asifukiwe kabla mwanawe wa gita hajampigia. Watu wakanigeukia. Mama Skola alikuwa ameketi mkekani na wanawake, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Alinyanyuka, akanikabidhi gita. Nyuzi zote zimelegezwa, zimelala. Zilikuwa zile sita nilizompelekea.

Nilichukua hatua tatu, nikawageuzia watu mgongo, nikatazama ziwa. Nikaanza kukaza.

Uzi wa kwanza nilikuwa nao. Wa pili nilikuwa nao. Wa tatu nikasita, nikaupata, au nilidhani nimeupata. Wa nne sikuwa nao. Nilikaza, nikalegeza, nikakaza tena. Kila nilipousogelea, sauti za kile kinanda zilikuja zenyewe kichwani, nikasikia pia kicheko cha Beda, na kicheko changu. Jasho lilinitoka ndani ya koti la watu. Wa tano nao ukapotea. Nyuma yangu mtoto alilia, akanyamazishwa. Katekista alikohoa mara moja, kwa adabu. Desturi ya kugeuza mgongo iliwekwa ili mtu afiche alichonacho. Mimi siku ile niliitumia kuficha kwamba sina kitu.

Ndipo nikafanya jambo hili. Nilizikaza zote kwa tyuni ya kinanda, ile ya baa, halafu nikaushusha uzi wa sita kidogo ili besi iwe nzito na ya ajabu, isikike kama ya kizee. Nikageuka. Nikapiga ule wimbo kadiri ya vidole vilivyokumbuka. Nikaliambia gita lishirikiane na mimi, na watu wa msiba sikuwaambia.

Watu walilia. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Otmari amerudi." Wakafukia. Mama Skola alinishika mkono, akanitazama kwa muda kidogo, akasema, "Asante mwanangu. Umechoka na safari." Nikasema nyuzi mpya hazishiki sauti vizuri. Akaitikia kwa kichwa.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa siku moja. Lakini Alto, wewe unakumbuka kilichofuata. Ulikuwa kijana wa miaka ishirini, umesimama karibu na mkorosho, macho mekundu. Ulikuja ukaniuliza, "Kaka Gaspari, ndiyo tyuni ya Mzee hiyo?"

Nikasema, "Ndiyo yenyewe."

Na kwa kuwa watu walikuwa wanatutazama, na kwa kuwa nilitaka sana iwe kweli, nilikunyooshea gita bila kulegeza. Nilikupa likivuma, kama nilivyopewa mimi. Ulilipokea kama Ekaristi. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini sijafanya jingine kwa mikono miwili namna hiyo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, imepita kila msiba kutoka hapa kwenda kusini kote mwambaoni. Baa ilifungwa, tajiri akaona mashine ya kusaga ina faida kuliko muziki, na mimi nikahamia Lituhi kabisa, nikawa mpiga gita kavu tena, lisilo la umeme. Watu waliniita mrithi wa Mzee Otmari. Niliitikia. Nilipiga harusi, kipaimara cha watoto, mapokezi ya paroko, na kila shughuli niliifunga kwa wimbo wa mwisho kwenye tyuni yangu ya uongo. Nilikufundisha wewe Alto, ukawafundisha wenzako, na leo kila kijana wa hapa anayeshika gita kavu anakaza namna hiyo na kusema kwa fahari, hii ni tyuni ya Mzee. Mara nyingi nilikaa peke yangu ufukweni nikaitafuta ile ya kweli. Nilipata nyuzi tatu, siku nyingine nne, sikupata sita. Niliungama kwa padre. Alinisikiliza, akauliza kama lile gita lilikuwa la kuazima na kama nimelirudisha. Nikasema nimelirudisha. Akanipa Salamu Maria tatu.

Kwa nini sikumuuliza mtu? Nilijiambia hakuna wa kuulizwa. Mzee amekufa, na mwingine aliyepewa ni mimi.

Nakuja kwenye sherehe yenu. Mlimleta Mama Skola, mkamkalisha kiti cha mbele kwa sababu ya heshima ya mumewe, mkampa nyama laini. Kisha mkasimama wote kumi na wawili, mkanigeuzia mgongo, mkakaza, mkageuka, mkapiga wimbo wa mwisho kwa pamoja. Ulikuwa mzuri. Niseme haki, mnapiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga. Mimi nilimtazama Mama Skola. Alikuwa ametulia, mikono mapajani, anawatazama kwa upole, na nikaona kwamba hasikilizi wimbo. Alikuwa anangoja kitu, na hakikuja. Nyama ilinishinda mdomoni.

Kesho yake asubuhi nilichukua gita, nikaenda kwake. Alikuwa uani, kwenye chanja lilelile au mrithi wake, anaanika usipa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekuja na gita. Si wamesema umestaafu?"

"Nimestaafu." Nilisimama kama mtoto aliyevunja kitu. "Mama, siku ile makaburini..."

"Haikuwa yenyewe," alisema. "Kaa."

Nilikaa chini. Nikamuuliza alijua lini.

"Kabla hujapiga. Pale unapokaza. Uzi wa nne ulifika mahali pake, ukapita, ukaendelea kupanda. Nikasema moyoni, sasa atarudi. Hukurudi."

"Mbona hukusema, Mama? Miaka yote hii?"

"Siku ile niseme nini, mume wangu yuko shimoni? Na baadaye niseme nini? Watoto wale wanakuja kunipigia kwa heshima zote, nikuvue nguo mbele yao? Wanakuita mwalimu." Aligeuza usipa wa mstari mmoja mpaka mwisho ndipo akaendelea. "Nilisubiri ugeuke, Gaspari. Nilikuwa nyuma yako, hatua tatu. Maisha yangu yote ya ndoa nimemsikia akikaza nyuzi zile huku naanika samaki. Nisingejuaje? Ungegeuka tu ukaniuliza, ningekuimbia."

Darasa la kwanza tulifundishwa kuuliza si ujinga, nami nimefika uzee wangu bila kulijua somo hilo. Nililia, na sikujificha, na yeye aliniacha nilie kama mtu anavyoacha mvua inyeshe. Kisha akasema, "Haya. Legeza."

Nikalegeza zote. Akafuta mikono kwenye kanga, akafumba macho, akaimba uzi wa kwanza. Sauti yake ni ya kizee, inakwaruza, lakini inajua mahali pa kusimama. Nikakaza mpaka tukakutana. Akaimba wa pili. Wa tatu, ule niliodhani ninao, ulikuwa chini kidogo ya nilivyodhani, kumbe hata huo nilikuwa nimeupoteza. Kwenye wa nne alinirudisha mara mbili. "Umepita. Rudi." Nikarudi. "Umepita tena." Tulipomaliza wa sita, gita lilianza kuvuma lenyewe kwa upepo wa ziwa, nikamsikia Mzee yuko uani.

Nikajaribu kupiga. Gumba lilikwenda. Shahada kilikataa. Nilikilazimisha, nikagonga uzi usio wake, nikajaribu tena, kikakataa. Nimeipata tyuni ya mwalimu wangu mwezi ule ule ambao mkono wangu umekufa, na sina wa kumlaumu.

"Basi," alisema Mama Skola. "Zipige wazi tu."

Nikapiga nyuzi zote sita wazi, moja moja, kutoka chini kwenda juu. Alisikiliza mpaka uzi wa mwisho ukanyamaza kabisa. Akasema, "Ndiye huyo." Kisha akarudi kwenye chanja lake, na bila kunitazama akauliza, "Na wale watoto? Nani atawaambia?"

Nikasema nitawaambia mimi. Ndiyo maana mmelipata daftari hili badala ya hotuba.

Mnachopiga misibani si cha Mzee Otmari. Ni tyuni ya kinanda cha baa moja ya Mbinga, iliyoshushwa uzi mmoja na mtu mwenye hofu. Mkiamua kunivua ule mgolole, njooni, uko umekunjwa, sijauvaa tena. Tyuni yenyewe sijaiandika hapa, kwa kuwa sikupewa kwa karatasi. Nendeni kwa Mama Skola, mmoja mmoja, asubuhi, jua likiwa zuri la kuanika. Pelekeni sukari. Legezeni nyuzi zote nje kabla ya kubisha hodi. Mkikaza, mtazameni usoni, mtu asimgeuzie mgongo. Akisema umepita, rudi. Alto tangulia wewe, maana wewe ndiye niliyekupa likivuma. Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani. Nimeandika sentensi hiyo mara nne nikaifuta.

Mama Skola amezeeka, wote tunaona. Siku akiondoka, mpigieni wimbo wa mwisho kabla hajafukiwa, na safari hii uwe wenyewe. Mimi nitakuwa nyuma yenu, hatua tatu. Mkisahau uzi, geukeni mniulize.